Mdogo wangu, uprofesa wa huku nakueleza kama ulivyo

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, ile uliyoandika kwamba unamaliza digrii ya famasia mwakani, umeona picha yangu nimevaa joho, na unataka kujua mambo matatu: uprofesa wa Uingereza unalipa au haulipi, njia niliyopita ni ipi, na kwanini sirudi nyumbani kufundisha. Nakujibu wazi maana haujaniuliza peke yako, hata shemeji zangu wananiuliza ila wao wanazungukazunguka.

Hela tuzimalize mapema. Inalipa, siwezi kukudanganya, mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi na ukiumwa unalipwa. Lakini huku England mshahara ukivuka pauni 50,270 kwa mwaka, kile cha juu yake serikali inakata 40%, bado mkopo wa nyumba, bado kodi ya halmashauri, bado umeme na gesi ya kupasha nyumba joto, bado ada za wadogo zetu huko. Wenzangu niliosoma nao waliobaki Dar wana maduka ya dawa mawili matatu na wamejenga, mimi nyumba yangu ni ya benki mpaka nifike miaka 64. Sijutii, ila usije ukafikiri huku hela zinaokotwa.

Sasa njia. Kwanza ujue famakolojia, ambayo ndiyo ninayofundisha, siyo famasia. Mfamasia anashughulika na dawa na mgonjwa aliye mbele yake, sisi tunauliza dawa ikiingia mwilini inafanya nini na mwili nao unaifanya nini. Nilifanya PhD miaka 4 kwa skolashipu, baada ya hapo ikaja mikataba ya utafiti ya miaka miwili miwili, mara tatu, na kila mkataba unapokaribia kuisha na viza nayo inakaribia kuisha, hulali, mke wako halali, unafungua imeili saa nane za usiku kuona kama kuna majibu ya fedha za utafiti. Ulekchara nimeupata nina miaka 37, uprofesa nina 51. Katikati hapo wapo wenzangu wenye akili kunishinda ambao waliacha, mmoja anaendesha basi na mwingine amerudi Nairobi, na hakuna kitu walichokosea.

Lakini kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na ndicho ningependa uniulize, ni kufundisha kwenyewe. Nilipoanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Unakumbuka madesa, unarithi la kaka aliyekutangulia, unalikariri, unaenda kulimwaga kwenye pepa, ukibahatika hupati supu, yaani haurudii mtihani. Mimi nilikuwa mzuri sana kwenye hiyo kazi. Basi mwaka wangu wa kwanza wa ulekchara zikaja fomu za tathmini, wanafunzi wanakupima bila kuandika majina, na 11 kati yao wakaandika hawanielewi ninavyoongea. Nilienda maegesho nikakaa ndani ya gari sijui muda gani, nikasema ni lafudhi yangu, hawa hawamtaki Mwafrika. Nikamwomba mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa siku nyingi pale idarani, aje akae nyuma ya darasa anisikilize. Akaja na karatasi anapiga vistari. Tulipotoka akaniambia lafudhi yako haina shida yoyote, ila umetaja majina ya dawa 46 ndani ya dakika 50.

Nilikaa na ile karatasi mezani mwaka mzima.

Siku hizi dawa kwenye kipindi hazizidi 6, na sianzi na dawa, naanza na mtu. Mfano mzuri codeine, dawa ya maumivu. Nawaambia watoto wawili, uzito uleule, wametolewa mafindofindo siku moja, wamepewa codeine kipimo kilekile, mmoja analia usiku kucha kama hajapewa kitu, mwingine anasinzia mpaka pumzi inakata. Nani kakosea? Wanapiga kura kwenye simu zao, halafu namwambia kila mmoja amgeukie jirani yake abishane naye dakika tatu, halafu wanapiga kura tena. Hiyo mbinu nimeitoa kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, na raha yake unasikia darasa la watu 200 linavuma kama soko. Wengi wanasema nesi kakosea. Hapo ndipo nawaeleza kwamba codeine yenyewe haitulizi sana maumivu, ini ndilo linaigeuza kuwa morphine kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6, na wapo watu waliozaliwa hawana hicho kimeng'enya kinachofanya kazi, na wapo waliozaliwa na nakala za ziada za jeni yake hivyo kwao morphine inatoka nyingi na haraka. Mwaka 1996 Eleni Aklillu, Mhabeshi aliyeko chuo cha Karolinska kule Stockholm, na wenzake walionyesha asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na hizo nakala za ziada, wakati kwa watu wa Ulaya kaskazini ni wachache sana. Ulaya wakaja kuzuia codeine kwa watoto chini ya miaka 12 mwaka 2013. Nesi hajakosea chochote, kipimo kilikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu. Mwanafunzi akishaona hivyo hana haja ya kukariri, hawezi kusahau hata umwamshe usiku.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumbani nilikotoka ndiko kunakonifanya nifae huku. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuona malaria, mimi nawapa dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne vinne mara sita, nawauliza kwanini dozi ya pili inafuata baada ya masaa 8 na siyo 12 kama zinazofuata, na kwanini yule aliyemeza kwa chai ya rangi tu anaweza asipone vizuri kama aliyemeza na chakula chenye mafuta au maziwa. Wanahangaika mpaka wanapata wenyewe. Mimi sijibu. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye ualimu, mdogo wangu, midomo inawasha unataka kusema, lakini ukijibu tu wameacha kufikiri.

Wananiita kwa jina langu la kwanza, watoto wa miaka 19. Mwanzoni iliniuma, kwetu profesa anabebewa mkoba. Ila nimeona yule anayeniita kwa jina haogopi kusema hapa sijaelewa, na mfamasia au daktari anayeogopa kusema hajaelewa anaua mtu. Adrenaline imeandikwa 1:1000, nauliza hiyo ni miligramu ngapi kwenye mililita moja, na kila mwaka kuna wanaokosea mara kumi. Ni miligramu 1. Bora wakosee mbele yangu tukarudia.

Sasa swali lako la tatu, kwanini sirudi. Nitakuambia kitu ambacho nyumbani sijakisema vizuri.

Mama yuko Tanga, unamjua. Ana presha, anatumia amlodipine. Kila Jumapili tunaongea kwa video, namuuliza unaendeleaje, anasema salama mwanangu namshukuru Mungu. Miezi nane. Nilipofika likizo nikamkuta barazani miguu imevimba mpaka viatu haviingii, kavaa malapa ya marehemu baba. Nikamshika kifundo cha mguu kwa kidole, nikaachia, shimo likabaki. Ndani kuna lasix, kapewa ya kupunguza uvimbe, juu yake kapewa vidonge vya kutibu misuli inayobana kwa sababu ya lasix. Dawa inazaa dawa. Kuvimba miguu kunaletwa na amlodipine yenyewe, inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu kuliko inayorudisha, maji yanavuja kwenye nyama za mguu, na lasix haiyatoi vizuri hayo, inakukojoza tu na kukumalizia potasiamu, ndiyo misuli inabana. Hii kitu nafundisha kila mwezi wa pili. Nimewafundisha mamia ya watoto wa watu waangalie miguu, na mama yangu kwenye simu nilikuwa namwona uso.

Tulienda kwa daktari, akapunguziwa dozi na kuongezewa dawa nyingine, lasix ikaachwa, baada ya wiki chache viatu vikaingia. Nilimwomba ruhusa nitumie miguu yake darasani, akasema watumie tu wasije wakawafanyia mama zao. Sasa kile kipindi kinaanza na picha ya malapa barazani, sisemi ni ya nani.

Kwa hiyo siyo kwamba sitaki kurudi. Wanangu wako katikati ya shule, mkopo haujaisha, na nikiondoka sasa hivi nitawaacha wanafunzi watatu wa PhD katikati ya njia. Nakuja kila mwezi wa nane kufundisha wiki tatu bila malipo na hizo ndizo wiki ninazozisubiri mwaka mzima. Hazitoshi, najua.

Wewe ukitaka kuja, ujue kwanza digrii yako ya nyumbani haikufanyi mfamasia huku moja kwa moja, kuna kozi ya mwaka mmoja inaitwa OSPAP, halafu mwaka wa mafunzo kazini, halafu mtihani wa usajili. Ukitaka njia ya utafiti angalia skolashipu za Jumuiya ya Madola, na usilipe wakala yeyote anayekuambia ana mtu wake ndani. Barua yako ya maombi nitumie niisome, ila uandike wewe mwenyewe, na usiniandikie unapenda dawa tangu utotoni. Niandikie mgonjwa mmoja uliyemwona dirishani pale unapofanya filidi, dawa gani alipewa, na kitu gani hukukielewa.

Na Tanga ukipita, msalimie mama. Mwangalie miguu.