Presha imeshuka, mama kaacha dawa

SWALI: Shikamoo dokta, niko Moshi, mama alikutwa na presha 168/102 akaanzishiwa amlodipini, sasa inasoma 128/80 basi kaacha vidonge anasema kapona, tena vilikuwa vinamvimbisha miguu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Hajapona, hiyo 128 imeletwa na vidonge hivyohivyo, akiacha itapanda tena na wala hatasikia kitu maana presha mara nyingi haiumi. Miguu kuvimba ni kawaida ya amlodipini, arudi kliniki wampunguzie dozi au wambadilishie, asiazime dawa za jirani (tabia hiyo jamani!). Na kabla ya kupimwa akae dakika 5 ametulia, asiwe katoka soko la Mbuyuni na mizigo, kahawa aiache nusu saa kabla, najua huku Kilimanjaro hilo ni gumu.