Maswali ya Wasomaji: Ushirika wa Kahawa wa Mbale na Waumini wa Dini Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa kahawa katika Kaunti ya Bungoma, na chama chetu cha ushirika kina Wakristo na Waislamu. Nimesikia kwamba ng'ambo ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliunda ushirika mmoja. Je, ni kweli? Na je, mambo kama hayo hayaishii katika kuchanganya dini?
Mkulima, Bungoma

JIBU: Ndugu yetu, ni kweli. Ushirika huo unaitwa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu, na ulianzishwa karibu na Mbale mwaka 2004. Mwanzilishi wake, J.J. Keki, anatoka katika jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, ambao chimbuko lao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeishika dini hiyo mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia mwenyewe, na ambao walipigwa marufuku kuabudu wakati wa utawala wa Idi Amin. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na akayashuhudia mashambulizi ya siku ile. Aliporejea, aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba, akiwaomba wauze kahawa yao kwa pamoja.

Hata hivyo, tusiisimulie habari hii kana kwamba ni wema mtupu uliowakutanisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka vibaya, na mwenye mibuni michache hana sauti mbele ya mlanguzi, ilhali mnunuzi wa nje hutaka kontena zima, ambalo hubeba takribani magunia 300 ya kilo 60. Abayudaya ni wachache mno kulijaza kontena hilo peke yao. Haja ndiyo iliyowasukuma, nami sioni aibu yoyote katika hilo. Kwa kuungana walipata soko la biashara ya haki (fair trade), yaani ile inayolenga kumlipa mkulima bei ya haki, katika kampuni moja ya California, kwa bei iliyozidi ile ya walanguzi.

Kuhusu kuchanganya dini, hofu yako haina msingi hapa, kwa maana kila mmoja aliendelea kusali kwake: sinagogi, kanisani au msikitini. Walichokishirikiana ni mizani na malipo, na katika mambo hayo mawili vitabu vyao vinakubaliana kwa namna ya kushangaza. Mithali, kitabu cha Wayahudi na Wakristo pia, husema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Na Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofunguka kwa kuwaonya wapunjao. Kumbukumbu la Torati huamuru kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, Waraka wa Yakobo unawakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, na hadithi, yaani kauli, ya Mtume Muhammad iliyopokewa na mkusanyaji wa hadithi Ibn Majah yataka mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Karani wa ushirika anayeiegemeza mizani kwa kidole hana kitabu cha kumtetea, awe wa dini yoyote. (Wakulima wa kahawa wanajua kwamba sisemi jambo la kubuni.)

Kwa hiyo, katika chama chenu, nisingeanza na sala ya pamoja, ambayo wengine wataikubali kwa shingo upande. Ningeanza na katiba: mizani ikaguliwe mbele ya wanachama wa dini zote, uongozi usiwe wa upande mmoja, na tarehe ya malipo iandikwe waziwazi. Mkutano mkuu nao upangwe kati ya Jumatatu na Alhamisi, na nyama ya siku hiyo ichinjwe na Mwislamu, ili pasiwe na mwanachama atakayeondoka bila kula.