Madarasa ya bure ya maktaba, na kwa nini somo la nasaba linatuhusu sisi pia

Dada, umeuliza mambo mawili: kama madarasa ya watu wazima yanayotangazwa kwenye maktaba za umma hapa Indiana ni ya bure kweli, na kama somo lao la kutafuta nasaba lina faida yoyote kwa mtu wa Kigoma, ambaye mababu zake hawamo katika vitabu vya Wamarekani. Umeeleza pia kwamba unaishi na mama yako mzazi, ambaye mchana hubaki kama mpweke wewe ukiwa umelala baada ya shifti ya usiku. Nina miaka kumi na sita katika jimbo hili, na mengi niliyojifunza hapa nimejifunzia katika maktaba ya mji wetu, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Kuhusu malipo, ondoa shaka. Maktaba hizi huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya majengo, na hata sisi wapangaji tunaichangia, kwa kuwa mwenye nyumba huihesabu anapopanga kodi ya nyumba yake. Kwa hiyo unapoketi darasani usijione kama mtu aliyepewa sadaka. Sijawahi kuulizwa hati ya uhamiaji hata siku moja. Kadi ya kuazimia vitabu ndiyo iliyonidai kitambulisho na uthibitisho wa anwani, nami nikapeleka bili ya umeme. Madarasa yenyewe yalitaka nijiandikishe jina tu. Angalizo langu ni moja, kwamba nafasi hujaa upesi, hivyo jiandikishe siku ile ile tangazo linapotoka.

Nilianza na Kiingereza, nikaingia kompyuta, kisha maandalizi ya mtihani wa uraia. Wakati wangu orodha ilikuwa na maswali 100, mtahini akiuliza 10 na wewe ukitakiwa kupata 6. Kwa waliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 orodha ina maswali 128, huulizwa hadi 20 na hutakiwa kupata 12, kwa hiyo usikubali kurithi daftari la mtu aliyefaulu zamani. Hata hivyo, kilichoufungua ulimi wangu ni klabu ya kusoma vitabu kuliko darasa lolote. Tulikuwa watu wanane, wengi wao akina mama waliostaafu, na kila mwezi maktaba ilituazima nakala za kitabu kimoja ili tukisome sote. Darasani nilikuwa nikijibu maswali ya mwalimu. Pale mezani niliulizwa naonaje, kisha watu wakanyamaza na kunisubiri mpaka nimalize sentensi yangu.

Ni katika klabu hiyo nilipompata mwenzangu mmoja, Mmarekani mweusi, aliyeniomba nimsindikize Fort Wayne kwenye kituo cha nasaba cha maktaba ya Allen County. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1961 na mkurugenzi wa maktaba wa wakati huo, Fred Reynolds, na leo mkusanyo wake wa nasaba ndio mkubwa kuliko wa maktaba yoyote ya umma nchini Marekani. Huingii kwa kiingilio. Mwenzangu alikuwa akimtafuta bibi wa mama yake. Alimpata katika sensa ya 1870, ya kwanza kuandika kwa majina watu wote walioachwa huru kutoka utumwani, kisha akarudi nyuma kwenye sensa ya 1860, na hapo njia ikakatika. Watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, na karibu wote bila majina. Alipitisha kidole kwenye mstari ulioonyesha mtoto wa kike wa umri uleule, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ndiye?" Hakukuwa na mtu wa kumjibu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Yeye alikuwa anatafuta jina moja ambalo watu walikataa kuliandika, nami nina wazee Songea ambao ningeweza kuwapigia simu usiku uleule, na sikuwa nimewauliza kitu. Jumamosi iliyofuata nikajiandikisha somo la nasaba kwenye maktaba yetu.

Mwalimu alikuwa mzee wa kujitolea. Alinipa fomu yenye visanduku: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Nikakwama kwenye mstari wa kwanza. Jina langu la mwisho ni la babu yangu, la mwisho la baba yangu ni la babu yake, na ukoo wetu una jina lake jingine kabisa, ambalo halimo katika pasipoti ya yeyote kati yetu. Nikaeleza pia kwamba baba mdogo kwetu ni baba, na watoto wake ni ndugu zangu. Yule mzee aliigeuza fomu, akasema tuandike upande usio na visanduku, kwa mpangilio wangu. Hapo niliona faida ambayo sikuitegemea, kwa sababu nawajua watu waliosumbuka miaka katika maombi ya kuwaleta jamaa zao baada ya kumwandika baba mdogo kuwa baba mzazi, bila nia ya kumdanganya mtu. Mti wa ukoo ulioandikwa vizuri, pamoja na maelezo ya nani alizaa nani, huzuia mkanganyiko wa namna hiyo mapema.

Tarehe nazo zina namna yake. Wazee wetu wengi wameandikiwa Januari 1 kwa sababu karani alihitaji kujaza kitu. Ukimwuliza mzee mwaka, atasema hajui. Ukimwuliza kama alikuwa amezaliwa nzige walipokuja, au kama tayari alikuwa anachunga mbuzi siku ya Uhuru, atakusogeza karibu sana na ukweli. Kisha kuna vitabu vya ubatizo vya misheni. Niliandika barua parokiani kwetu nikitaja jina la babu, la baba yake, kijiji na miaka ya kukisia, na baada ya miezi minne nikatumiwa picha ya mstari mmoja: namba, tarehe, jina, wazazi na msimamizi wa ubatizo. Jina la mama yake babu, ambalo hakuna aliyekuwa akilikumbuka, lilikuwa pale kwa wino. Shangazi yangu mkubwa, aliyeweza kutaja vizazi saba bila kusita, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaanza kuuliza. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo nenda na mama darasani. Mwombe mkutubi chumba kidogo cha kusomea, ambacho maktaba nyingi huazima bila malipo, weka simu ya kurekodia mezani, na mwache aseme Kiha kama ndicho kinachomjia. Utaandika Kiswahili baadaye. Usianze na tarehe. Mwulize nani alimpa jina lake, na jina hilo lilikuwa la nani kabla yake.