Kabla hujapanda hicho kiti cha meno, pakiti ifunguliwe mbele yako

Mkuu, acha kwanza. Umesema kesho unaenda kutibiwa mzizi wa gego la chini, na umechagua hiyo kliniki kwa sababu ina vigae vinavyong'aa, runinga juu ya kiti, nyota za kumwaga mtandaoni, na dada wa mapokezi kakuhakikishia kwamba "vifaa vyote vinakaa kwenye mwanga maalumu". Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya niache kula niandike.

Huo mwanga maalumu ni kabati la taa ya bluu, na halitakasi kitu, yaani haliui vijidudu vyote kwenye kifaa. Ni mahali pa kuhifadhia vifaa ambavyo tayari vimetakaswa kwingine. Mwanga ule unaua vijidudu pale unapopiga moja kwa moja tu. Upande wa chini wa koleo, kwenye maungio, ndani ya tundu, chini ya damu iliyokauka, haufiki. Ila unapendeza macho, na wauzaji wa vifaa wanalinadi kabati hilo kama mashine ya kutakasa bila hata kupepesa macho. Bora watu hawa wangeuza friji. Friji ikiwa feki, maziwa yangechacha siku hiyo hiyo tukajuana. Usiniulize hasira zangu zinatoka wapi.

Kutakasa ni mvuke wenye shinikizo, kwenye mashine inayoitwa otoklevu. Nyuzi joto 121 kwa dakika 15 hadi 30, kutegemea kama vifaa vimefungwa au viko wazi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4 kwenye mashine yenye pampu ya kuvuta hewa. Dakika hizo zinahesabiwa joto likishafika, si tangu swichi ibonyezwe. TANESCO wakikata umeme katikati, mzunguko unaanza upya, hakuna cha "ilikuwa imebaki kidogo". Sufuria inaishia nyuzi 100, na spora, yaani zile mbegu ngumu za bakteria, zinavumilia hapo. Jik inapunguza vijidudu na inakula chuma. Dawa ya glutaraldehaidi ya asilimia 2 inaweza kutakasa, lakini inataka saa 10 za kuloweka. Nioneshe kliniki inayosubiri saa 10 kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Sasa twende pale watu wanapoumia kweli: kile kichwa cha kuchongea kinachopiga kelele mdomoni. Ndani kina feni ndogo inayozungushwa na hewa, na kinaposimama kinaweza kunyonya mate na damu kurudi ndani. Mgonjwa anayefuata anapuliziwa hayo pamoja na maji ya kupoozea jino. Kukifuta kwa spiriti kunasafisha ganda la nje tu. Kinatakiwa kivuliwe, kisafishwe, kitiwe mafuta, kifungwe, kiingie kwenye otoklevu baada ya kila mgonjwa. Tena si otoklevu yoyote: kwa kuwa kina uwazi ndani, hewa lazima itolewe kwanza ndipo mvuke upenye. Mashine za daraja B zinaivuta hewa kwa pampu mara kadhaa. Za daraja N ni za vifaa visivyofungwa na visivyo na uwazi ndani.

Piga hesabu ukiwa umekaa pale mapokezi. Mzunguko kamili, pamoja na kupasha joto na kukausha, unakula nusu saa hadi saa nzima. Kama kiti kimoja kinapokea watu watatu kwa saa na kliniki ina vichwa viwili, basi hakuna kinachotakaswa pale, hata ukuta ukijaa vyeti. Uliza tu, "Dokta, vichwa vya kuchongea mnavyo vingapi?" Akijibu kwa kukutajia bei ya kung'arisha meno, nyanyuka.

Ndiyo maana nashikilia sharti moja: pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na kichwa cha kuchongea kitoke ndani ya pakiti kama koleo na kioo vinavyotoka. Pakiti ina upande wa karatasi na upande wa plastiki. Tafuta alama inayobadilika rangi. Maelezo ya rangi inayotakiwa yamechapwa hapo hapo pembeni. Itazame pia kama ina unyevu au imetoboka, maana karatasi iliyolowa inapitisha vijidudu kurudi ndani. Rangi ikibadilika inathibitisha kwamba joto limefika kwenye pakiti, haithibitishi kwamba kila kitu kimekufa. Kwa hilo kuna kipimo cha spora, ambacho kinashauriwa kila wiki. Omba kuona daftari lake. Wengi watakushangaa, nawe washangae.

Na hizo nyota za mtandaoni zitupe. Homa ya ini B inajitokeza kati ya siku 30 na 180 baada ya kuambukizwa, na wengine hawaoni dalili kabisa. Nani atakumbuka kliniki ya meno aliyoenda miezi mitano nyuma akarudi kuipa nyota moja? Kirusi chake kinaishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi. Kama hujachanja, chanja, hiyo iko nje ya mjadala.

Mengine harakaharaka. Kichupa cha ganzi ni cha mtu mmoja, kikibaki nusu kinatupwa, na sindano inaingia kwenye lile boksi la njano. Kwa tiba ya mzizi, jino lizungushiwe kipande cha mpira kilichobanwa kwa klipu: mate yasiingie, na faili, yaani kile kisindano cha kusafishia mzizi, likiponyoka usilimeze. Bila eksirei ya kuonesha urefu wa mizizi asiguse jino. Mashine hiyo inatakiwa iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Jina la daktari liulizie Baraza la Madaktari Tanganyika. Na wale wanaokwambia uwahi miadi ya kwanza Jumatatu "kila kitu kikiwa safi", maji yaliyolala kwenye mipira ya kile kiti tangu Jumamosi ndiyo yenye bakteria wengi, yamwagwe kwanza.

Ah, uliuliza pia bima, bei, na kama mtoto wa miaka tisa afungwe nyaya za kunyoosha meno. Wadau wengine watakuja. Mimi kesho nataka picha ya pakiti, upande wenye alama.