Sumu ya wadudu: kwa nini pumzi ilikatika siku ya tatu?

SWALI: Shemeji yangu alikunywa kwa bahati mbaya dawa ya kupulizia nyanya iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Alifika hospitali akitokwa povu, akachomwa atropini (sindano ya kupambana na sumu hiyo), akapata nafuu hata akazungumza. Siku ya tatu pumzi ikamkatika, akawekwa mashine. Je, sindano hazikutosha?
Msomaji, Iringa

JIBU: Huenda zilitosha kabisa. Sumu za jamii ya oganofosifeti, kundi la dawa za kuua wadudu, hukata pumzi kwa njia zaidi ya moja, na atropini haizuii zote.

Mwanzoni, mate na makamasi hufurika, njia za hewa hubana, mapafu hujaa majimaji. Hapo atropini ndiyo tegemeo, na itolewe bila woga: mtu mzima huanza na miligramu 2 hadi 3 mshipani. Baada ya dakika 5, kifua kikiwa bado kinakoroma, kipimo huongezwa maradufu: 2, 4, 8, 16. Kurudia 2 zilezile ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana. Lengo ni kifua kikavu, mapigo ya moyo zaidi ya 80 na presha, ile namba ya juu, zaidi ya 80. Mboni za macho zisisubiriwe, huchelewa kupanuka. Moyo kwenda mbio nao si sababu ya kumnyima dawa. Kisha hufuata dripu, kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla ya atropini iliyomkausha kifua. Akiweweseka, joto likipanda na tumbo likinyamaza, atropini imezidi. Isimamishwe, kisha irudishwe kwa kiwango cha chini.

Kilichompata shemeji yako yaelekea ni misuli. Kati ya saa 24 na 96, misuli ya shingo na ya kupumua hulegea, na atropini haigusi hilo. Dalili ya mapema ni kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kifanywe kila baada ya saa chache hata kwa mgonjwa anayezungumza vizuri. Akishindwa, asogezwe karibu na mashine kabla hajachoka. Wakati wa kumwekea mpira wa kupitisha hewa kooni, suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli) iepukwe, maana sumu imezuia kimeng'enya kinachoivunja, na misuli inaweza kupooza kwa saa nyingi. Mashine isukume takriban mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wake, si wa mizani. Pumzi kubwa huumiza mapafu.

Nyumbani, msimtapishe mtu wala kumnywesha maziwa: sumu ikipalia huunguza mapafu. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni mkiwa na glovu, mlazeni ubavu, nendeni na chupa yenye lebo.

Misuli hiyo kwa kawaida hurudi, baada ya siku kadhaa au wiki chache.