Uzi wa pili unapozifunika nyuzi nyingine: gita la mbao na pikapu ya sumaku

Kwenye kwaya yetu hapa Katuba, Lubumbashi, uzi wa pili wa gita langu (ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa) ulikuwa unazifunika nyuzi nyingine zote. Nyumbani, bila waya wala bafle (spika), gita lilisikika sawasawa. Nikiliunganisha tu, uzi ule unaruka juu peke yake, na jirani yake, wa tatu, unamezwa. Mwalimu wa kwaya akaniambia nipunguze nguvu ya kidole. Nikamtii. Nilijizoeza miezi kadhaa kuugusa uzi ule kwa woga, na kitu pekee nilichopata ni mkono wa kulia uliopoteza mdundo wake.

Ndugu yangu mpiga gita, kama nawe umeambiwa hivyo, kidole chako hakina kosa.

Aliyenifungua macho ni jirani anayenunua vyuma chakavu. Watu wa kazi yake hapa Lubumbashi hawatembei bila sumaku, maana chuma kinanaswa na shaba hainaswi, na bei za hivyo viwili hazikaribiani. Siku hiyo nilikuwa kwenye baraza nabadilisha nyuzi. Akaokota za zamani, akazigusisha sumaku yake moja moja. Wa pili ulirukia. Wa tatu ulivutwa kwa uvivu. Akasema, “Huu umevishwa shaba.”

Jibu lote lilikuwa hapo. Pikapu, kile kifaa kinachobanwa kwenye tundu la gita kupeleka sauti kwenye bafle, ile wengi tunaiita mikro, haisikii hewa wala mbao. Inasikia chuma kinachotikisika juu ya sumaku yake. (Ndiyo maana gita la nyuzi za nailoni halitoi kitu kwenye pikapu hiyo.) Uzi wa kwanza na wa pili ni chuma kitupu. Kuanzia wa tatu hadi wa sita, ndani kuna kiini chembamba cha chuma, na nje kimezungushiwa bronzi, ambayo sehemu yake kubwa ni shaba. Katika seti ya kawaida inayoanzia 12, yaani uzi wa kwanza wa inchi 0.012, uzi wa pili una unene wa inchi 0.016, karibu milimita 0.41, wote chuma. Wa tatu ni 0.024, lakini ukiuvua shaba yake, kiini kinachobaki ni chembamba kuliko uzi wa pili. Sikio linaona uzi mnene. Sumaku inaona uzi mwembamba.

Kwetu Katanga jambo hili linauma zaidi kwa sababu ya namna tunavyopiga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, kwa maikrofoni. Katika upigaji ule wa kidole gumba na cha shahada, besi na nyuzi za juu zinaulizana na kujibizana. Ukiuleta kwenye pikapu isiyo sawa, jibu linasikika na swali linapotea.

Usianze kwenye mikseri. Mimi nilianzia huko, nikapunguza sauti za juu, gita zima likawa kama limefunikwa blanketi na uzi wa pili ukabaki bosi. Vitufe vile vinagusa nyuzi zote pamoja. Kompresa, kile kifaa kinachobana sauti zinazoruka juu, inasaidia kidogo, ila ukiongeza sauti baada yake, bafle linaanza kupiga mluzi.

Anzia kwenye pikapu yenyewe. Kama ina skrubu sita, chukua bisibisi ndogo na ushushe ile iliyo chini ya uzi wa pili, robo mzunguko kila mara, huku gita likiwa limeunganishwa na unapiga kwa nguvu ileile ya ibadani. Yangu niliishusha mpaka ikaribie kuzama, kisha nikapandisha kidogo ya tatu. Usipandishe sana zile za besi: sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi, na noti inayumba hata kama umetyuni vizuri.

Kama pikapu haina skrubu, iinamishe. Mimi niliwahi kukata kipande cha kandambili nikakiweka chini ya upande wa besi, ili upande wa nyuzi nyembamba uwe mbali zaidi na nyuzi. Tatizo ni kwamba uzi wa kwanza nao unashuka sauti, kwa hiyo unatafuta mahali ambapo hasara ni ndogo.

Dawa iliyonifaa kuliko zote ni kubadilisha nyuzi zenyewe. Nyuzi nne nene chukua zilizozungushiwa nikeli, kama za gita la umeme, kwa sababu zile sumaku inaziona vizuri. Angalia tu uzi wa tatu uwe wa kuzungushiwa, maana seti nyingi za umeme zinakuja na wa tatu mtupu, na ukiuweka huo umehamisha kelele kutoka wa pili kwenda wa tatu. Uzi wa pili nao unaweza kuchukua mwembamba zaidi, hadi inchi 0.014. Bila bafle, gita litapoteza ule mng'ao wa bronzi, na kwa kupiga nyumbani naukosa kweli. Kanisani nimeukubali.

Ukishabadilisha, rudisha skrubu zote usawa mmoja na uanze kupima upya, kwa sababu urefu uliofaa bronzi hautafaa nikeli.