Maswali ya Wasomaji: Njumu ya Mbao Katika Hereni

SWALI: Shikamoo, fundi. Ninatengeneza hereni za njumu, yaani kwa kutia ua dogo la msindano ndani ya kibao cha mninga, vyote vikiwa masalia ya karakana za maseremala. Zile nilizozimaliza mwezi wa Machi hazikuwa na kasoro, lakini kufikia Julai kila ua lilikuwa limezungukwa na ufa. Isitoshe, weupe wa msindano uliingia wekundu nilipopaka vanishi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Ufa huo ulizaliwa kabla hujashika gundi. Mbao unayoikata Machi, mvua za nyanda za juu zikiwa bado zinanyesha, huwa imevuta unyevu wa hewani. Ukavu wa Julai ukifika, husinyaa kwa upana wake, na kipande kilichokuwa kimebana hubaki kikicheza. Kwa hiyo vichane vipande hadi unene wa milimita 1, uvipange kwa wiki kadhaa katika chumba unachofanyia kazi, vijiti vikivitenganisha ili hewa ipite, mbali na jiko la mkaa, ndipo uvikate. Nyuma ya hereni nako bandika mbao ya unene uleule, la sivyo itapinda.

Ukataji nao una siri yake. Ukikata ua na tundu lake mbalimbali, hata mkono mzoefu hautavilinganisha. Gundisha msindano juu ya mninga, karatasi ikiwa katikati, kisha ukate vyote viwili kwa pamoja kwa msumeno wa sonara, meza ikiwa imeinama kiasi cha kulifanya ua liwe pana juu na jembamba chini. Kwa mbao ya milimita 1 na msumeno unaoacha njia ya milimita 0.2, mwinamo wa nyuzi 11 na nusu hulifanya ua la juu lishuke katika tundu la chini na kulijaza kabisa. Lizunguke ua kwa mwelekeo mmoja tu. Jaribu kwanza kwenye masalia: ua likipita hadi chini, ongeza mwinamo, likikwama juu, upunguze. Tafadhali usizibe ufa kwa vumbi la mbao na gundi, maana kwenye kitu kidogo kama hereni kiraka hicho ndicho jicho hukiona kwanza.

Wekundu ule ni vumbi la mninga, ambalo msasa hulisukuma ndani ya vitundu vya msindano na vanishi hulieneza. Sawazisha uso kwa kukwangua na wembe, upanguse vumbi kwa brashi kavu, kisha upake vanishi nyembamba mara kadhaa.

Mimi lakini ningeuacha msindano. Ni laini mno, na petali ya milimita 3 humeguka ncha. Waombe wakulima wa kahawa wa Rungwe au Mbozi mashina ya mibuni mizee wanayoikata: mti wake ni mweupe, mgumu, na nyuzi zake zimeshikana vizuri.